Saa ya Dix-sept na Makemba Makumi Tatu na Saba

Nyakasanza, Bunia
Siku ya tano, saa kumi (nimeuliza ku redio ya Mama Neema, sababu saa hatuna tena)

Furaha, mutoto wangu,

Jambo sana. Hapa siye wote tuko wazima, na weye unajua vizuri, sababu weye mwenyewe ungali hapa, sombe ya leo ulikula ku mukono yangu. Lakini barua haiwezi kuanza bila jambo. Baba yako, Mwalimu, angenitolea alama mbili.

Umeenda kuaga watu wa kwaya. Ninajua watakuimbisha mpaka koo ikauke, basi niko na nafasi. Nimekaa ku meza ya baba yako, na bic yake, na nimefunga mulango juu jirani yetu Mama Neema asiingie kuniuliza naandikia nani. Barua hii nitaiweka mu valizi yako, katikati ya kitenge cha kijani na shuka. Utaikuta Kisangani. Kama hukuikuta Kisangani, ni kwamba uliisoma mu njia. Ninakujua.

Mambo ya kula vizuri, ya kufunga mulango, ya kutoamini kila kijana mwenye meno mazuri, sitaandika. Shangazi yako wa Djugu alikwisha kukupa yote, na ginsi ninamujua, alikupa mara mbili. Miye ninaandika juu ya saa.

Ndiyo, ile saa. Ulirudi kutoka Djugu, ukaangalia mukono yangu ya kushoto, ukaona alama nyeupe pahali saa ilikaa miaka kumi na mbili. Ulibeba bido ukaenda kuchota maji. Furaha, maji ilikuwa imejaa mu nyumba! Hata sufuria ya Noeli ilikuwa na maji! Tangu ile siku ni «ndiyo mama», «hapana mama», kama mutu anajibu ku biro ya komini. Na ninajua Mama Neema alikupigia hadithi ku kisima, na watu wa soko walikupigia ingine, na kila moja ilikuwa na haya ndani.

Ningeweza kukuelezea na mudomo. Lakini mudomo yangu unaijua. Ikianza na tano inamaliza na makumi tano. Bic inanikawisha, na mu kukawia njo kweli inapata njia ya kutoka.

Kwanza acha nifurahi kidogo, juu tangu asubui nimejizuia. Furaha! Mutoto wa muuza makemba, ndizi za kupika, wa soko ya Nyakasanza anaenda kusoma uganga ku universite! Kesho! Na si juu ya mifuko, na mvula ku kichwa, kama miye nilisafiri maisha yangu yote. Mu cabine! Karibu na shofere, na kioo ya kufunga na kufungua! Leo asubui nimeuza makemba na kila mutu mwenye kununua nilimupa moja ya bure na habari yako juu yake. Mama moja aliniambia: «Mama Furaha, nimekuja kununua chakula, sikukuja ku misa.» Nikamwambia: «Basi chukua chakula na baraka, zote mbili.» Hivi njo niko, na hutanibadilisha mu siku moja yenye imebaki.

Sasa, saa.

Habari ya ile saa unaijua kwa kichwa. Nimekuimbia tangu uko na miaka sita. Ginsi nilikuwa mu njia ya Mambasa na makemba zangu, mu majira ya mvula, na camion ikalala mu potopoto. Ginsi camion zingine zikalala nyuma yetu, makumi na makumi, siku tatu hakuna kwenda hakuna kurudi. Ginsi ku nyuma kukafika ile motokari ndogo ya mashindano, yenye rangi ya bluu na nambari kumi na saba ku mulango, na muzungu moja mwenye potopoto mpaka ku masikio, na siye tukamuita ile nambari na kifaransa: Dix-sept. Ginsi nilipika lituma, makemba ya kuponda, kwa ile mulolongo muzima. Ginsi Dix-sept alikula kwangu siku tatu, na siku ya tatu akaangalia saa yake kubwa, yenye macho tatu madogo ndani na vifungo viwili ku mbavu, akasema, na shofere wetu akatafsiri: «Mama, mikono yako inakimbia kupita motokari yangu.» Na miye nikajibu: «Motokari yako imelala, hata konokono inaipita. Bonyeza ile saa yako uone.» Alibonyeza. Dakika kumi. Nilimenya ndizi mia moja. Akatoa saa ku mukono yake mwenyewe akanifunga.

Hivi njo nilikuambia. Hivi njo niliambia soko, na wamama wa kanisa, na muzee wa avenue, na inspecteur moja wa masomo mwenye hakuniuliza.

Mutoto wangu, haikuwa mia moja.

Unajua namna ya kumenya makemba mabichi. Unakata kichwa, unakata mukia, unapasua mu mugongo, kidole gumba kinaingia chini ya ganda. Mutu mwenye mazoezi, mikono yenye mafuta ya mawese juu utomvu usishike, anamenya moja kama mutu anahesabu mpaka makumi mbili na kidogo. Fanya hesabu weye mwenye kusoma. Mia moja mu dakika kumi? Hata mashine. Mu Nyakasanza nzima hakuna mutu alifanya ile hesabu miaka kumi na mbili, ao walifanya wakanihurumia.

Ile siku, mwishoni, mu beseni mulikuwa makemba makumi ine. Makumi ine njo Dix-sept alihesabu. Mwaka wa kwanza ku soko nilisema makumi ine. Noeli ilipofika zilikuwa makumi sita. Nilipozaa mudogo wako, makumi munane. Kisha ikafika mia moja, na pale ikasimama, sababu mia moja ni nzuri ku sikio.

Na sasa sehemu yenye nilificha hata ku Mungu. Hata ile makumi ine haikuwa makumi ine. Mbele ya Dix-sept kuamuka, nilikuwa nimekwisha kumenya kumi na sita kwa chakula cha asubui. Zilikuwa mu beseni, mu maji, chini ya majani ya ndizi. Niliposema «bonyeza», sikuzitoa. Nilimenya zingine juu yake. Mama Neema, mwenye tulisafiri pamoja, alikuwa karibu yangu anachochea moto. Aliangalia beseni, akaniangalia, akachochea moto.

Nilimenya makumi mbili na ine. Kumi na sita nilimwibia yule muzungu machoni pake, na alinifunga saa akicheka, na alisema kitu ambacho shofere alitafsiri hivi: «Anasema mu maisha yake hajaona mutu wa haraka na mwenye haki kama weye.» Haki! Nilikuwa na miaka makumi mbili na tano. Nilimeza ile neno, nikapanda camion.

Tena sikiliza ile yenye kuuma zaidi.

Nilifika nyumbani na saa ya mwanaume ku mukono. Baba yako alikuwa mwalimu wa mwaka wa tano, na saa yake ilikuwa imekufa tangu zamani. Alikuwa anaangalia kivuli ya mulingoti ya bendera juu ya kupiga kengele. Watu walisema: «Mama Furaha atamupa bwana yake.» Mama yake alisema. Pasta alisema. Na juu walisema wote, miye nilikataa. Nilikuwa navaa ile saa kuuzia makemba. Nilikuwa napimia maharagi. Nilikuwa napimia mahubiri! Pasta anasema «ndugu zangu», miye nabonyeza, anasema «amina», miye nabonyeza, natoka inje natangaza: dakika makumi tano na moja! Watu wanacheka. Mwisho pasta alikuwa anaangalia mukono yangu mbele ya kufungua Biblia, na mahubiri ikafupika, na kanisa nzima ilinishukuru kimya-kimya.

Siku moja inspecteur alikuwa anakuja ku masomo. Mwalimu alivaa shati yake ya pekee, akasimama ku mulango, akaniambia pole, ginsi ulimujua: «Mama Furaha, niazime saa, leo tu, nirudishe saa sita.» Na miye, unajua nilimujibu nini? «Kamenye zako.»

Alicheka. Alikwenda. Hakuomba tena, hata siku moja.

Nimekosa makosa mingi, Furaha. Nimemupiga mutoto wa jirani kwa kosa ya mbuzi. Nimemukopesha shemeji. Lakini kama wangenipa kurudisha neno moja tu mu kinywa, ingekuwa ile. Maneno mbili fupi vile, na ningali ninazisikia kila nikishika kisu.

Wakati baba yako alilala ku hospitali, ulikuwa na miaka kumi na moja, na unakumbuka sehemu moja tu. Muforomo, musaidizi wa munganga, aliingia kuhesabu mupigo wa damu, na saa yake ilikuwa imelala, akauliza nani iko na saa. Nilitoa yangu. Aliweka vidole vyako weye ku mukono ya baba yako, akakuonyesha ule mushale mwembamba, akasema: «Mushale ukizunguka mara moja, uniambie umehesabu ngapi.» Ulihesabu na midomo yako yote. Baba yako alikuangalia kama mutu anaangalia jua inatoka. Pale njo ulisema utakuwa munganga, na pale njo miye nilisema mbele ya muforomo na wagonjwa wote: «Ukikuwa munganga, saa hii ni yako.»

Kile hukujua: ulipotoka, baba yako aliniita karibu. Alisema: «Mama Furaha, ile makemba. Kwa kweli zilikuwa ngapi?» Nikamwambia. Makumi mbili na ine, na beseni, na majani. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema: «Makumi mbili na ine ni mingi. Juu ya nini haikukutosha?» Nikamufunga saa ku mukono, vile-vile alivyolala, nikamuomba musamaha ya ile siku ya inspecteur. Aliivaa siku ine, mpaka akatuacha. Ilikuwa kubwa ku mukono yake ile wakati. Kila mutu aliyeingia alimwambia sasa ni saa ngapi, hata wasipouliza.

Basi unaona ginsi ilivyokuwa nzito kuiuza. Haikuwa chuma tu. Ilikuwa yako. Nilikuahidi mbele ya watu. Lakini wakati barua yako ya kukubaliwa ilifika kutoka Kisangani, nilihesabu pesa, usiulize mara ngapi, na hesabu ilikuwa inakataa. Na kule walikuwa wanafunga liste ya wanafunzi mu wiki mbili. Nilisema ku roho yangu: akibaki mwaka moja, mwaka moja hapa haiko mwaka. Ni mutu anakuja na mbuzi kuona wazazi, ni shangazi anasema «huyu iko mutu wa heshima», ni weye unakubali juu ya kutonichokesha. Nikachagua. Nilikungojea uende Djugu kuaga, sababu ungekuwa hapa, ungesema hapana, na miye ningekusikiliza.

Fundi wa saa ku soko aliiangalia akasema ile macho tatu ndogo haina kazi, ni ya kupamba. Alitaka kuichukua kwa bei ya kuku mugonjwa. Nikamwambia: «Weye uko na macho mbili, na hata hiyo haina kazi.» Nikaondoka. Ule mutu wa kweli wa kununua alikuwa Patron Kambale, wa Butembo, ule muzee wa camion za kahawa. Unaijua camion zake: zote ziko na mistari miwili nyeupe ku pua, kama motokari za mashindano. Anapenda mashindano ya motokari kama watu wengine wanapenda pombe. Nilimutumia neno. Alikuja mwenyewe, siku ya posho, mwisho wa juma, mu kamionete yake, mpaka hapa mu kiwanja ya nyumba, mu lupango yetu.

Mama Neema alikuwa shahidi. Alivaa kitenge cha Noeli. Unajua ginsi ya kuuza kitu ya maana hapa: lazima jirani akae aseme «hii kitu ninaijua, haikuingia hapa na dirisha».

Patron alichukua saa, akaiweka ku sikio, akafunga macho.

«Mama, unajua uko na nini?»

«Saa, Patron.»

«Saa! Anasema saa!» Alinionyesha ile miraba myeusi na myeupe ku kioo. «Hii njo bendera ya kumaliza mashindano. Na hizi nambari za inje ku mukingo, ulikuwa unafanyia nini?»

«Nazisugua na majivu, Patron, zing'ae.»

Alishika kichwa. Akanielezea. Unabonyeza ku jiwe ya kilomita, unabonyeza tena ku jiwe yenye kufuata, mushale unakuonyesha mwendo ya motokari. Lakini lazima motokari ikimbie kupita kilomita makumi sita kwa saa, kama hapana, mushale unazunguka bure. Nikasema: «Patron, mu njia ya Mambasa huu mushale ungezunguka mpaka uchoke.» Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Miaka kumi na mbili nimevaa ile nambari, Furaha, na sikujua zinasema nini! Ninakuandikia hii juu hata miye nilijifunza kitu mu siku ya kuipoteza.

Kisha aliacha kucheka.

«Sasa niambie iliingia ku mukono yako ginsi gani. Miye napita barrière nyingi za askari mpaka Kisangani. Kila pahali watauliza: saa ya muzungu hii, uliitoa kwa nani? Nataka kuwajibu na macho wazi.»

Na miye, mu lupango yangu, mbele ya majirani wenye walikuwa wamekwisha kujaa ku ukingo, nilifungua mudomo na ikaenda yenyewe. Dix-sept, potopoto, dakika kumi, mia moja.

«Mia moja», alisema Patron.

«Mia moja.»

«Mu dakika kumi.»

«Hata kumi haikutimia.»

Mama Neema alikohoa kama mutu amemeza inzi.

Patron aliita shofere wake. Mu kamionete mulikuwa mikungu tatu ya makemba, alikuwa anapelekea bibi yake. «Shusha yote», alisema. Kisha kwangu, na heshima, kama mutoto kwa mama yake: «Unisamehe, Mama. Nataka kuona na macho yangu.»

Furaha. Ningeweza kusema mugongo inaniuma. Ningeweza kukasirika, njo nilikuwa najua zaidi: kusimama, kufunga kitenge, kusema «unanizania mwizi?», na kumufukuza. Na valizi yako ingebaki juu ya kabati.

Nikaleta kisu. Nikapaka mawese mpaka ku kiwiko. Nikakaa ku kiti kidogo, na nikafanya kitu moja mbele ya yote: nikachukua beseni, nikaigeuza mbele ya watu wote, nikaipiga chini, tupu, puu! Mama Neema aliniangalia. Miye na yeye tu tulielewa.

Nikasema: «Bonyeza.»

Mama yangu ee! Kumi za kwanza zilitoka kama kuku wanakimbia mvula. Maganda yaliruka mpaka ku viatu vya Patron. Mama Neema alikuwa anahesabu na kifaransa, na nguvu, kama mu masomo: «Onze! Douze!» Watoto wa avenue wakaanza kuhesabu naye. Ku dakika ya tano mugongo iliwaka. Ku dakika ya saba nilijikata kidole gumba, kile alama uliangalia nikakuambia ni kopo. Shofere wa Patron alikuwa anapiga kelele: «Mama, kaza! Mama, pili! Mama, tatu!» kama mutu anabadilisha gia ya camion mu mulima. Sikusikia tena maumivu. Nilikuona weye mu blouse nyeupe, na nikamenya. Trente-cinq. Trente-six. Trente-sept.

«Stop!»

Beseni ilikuwa imejaa vizuri, lakini mutoto mudogo angeona haiko mia.

«Mama», alisema Patron, «ni makumi tatu na saba.»

«Ninaona.»

«Ulisema mia.»

Uongo zote zilikuja mbio kunisaidia. Kwamba makemba ya leo iko na ganda nguvu. Kwamba kisu ni ya zamani. Zilikuwa zimepangana ku ulimi kama watu ku duka ya sukari. Na nikasikia Mwalimu: juu ya nini haikukutosha?

Nikasimama na mawese na damu ku mikono. Nikasema: «Patron, mia ni ya mudomo. Hizi makumi tatu na saba ni za mikono. Kule potopoto nilimenya makumi mbili na ine. Kumi na sita zilikuwa zimekwisha kulala mu beseni, chini ya majani, na nilimuacha Dix-sept azihesabu. Sikumwibia saa. Alinifunga yeye mwenyewe. Lakini alinifunga juu ya kitu sikufanya.»

Kisha Mama Neema akaruka: «Niliona! Yesu, niliona! Miaka kumi na mbili nimebeba ile beseni mu tumbo!» Na lupango nzima ikapasuka. Walicheka, Furaha, walicheka mpaka wakashikana. Na miye nilisimama pale nikingojea haya ije kuniua, na haikuja. Ilikuja kitu ingine, nyepesi, kama wakati unatua muzigo ya ndizi ku kichwa na shingo inapanda yenyewe.

Patron hakucheka. Alipanguza saa na kitambaa yake, pole.

«Zile makumi mbili na ine ulimenya ukiwa kijana», alisema. «Leo uko mama wa mutoto wa universite, na umejipita na kumi na tatu. Mwizi hasemi vile mbele ya avenue nzima. Ninanunua.» Akaivaa, akanyoosha mukono aangalie. «Lakini Mama, ku barrière nitawaambia mia.»

Bei haikushuka hata kidogo. Na nafasi yako mu cabine ya camion yake njo aliongeza mwenyewe, niliposema pesa ni ya nini. Alisema: «Mutoto mwenyewe akikuwa munganga, aje kunipima mupigo na saa hii.» Nikamujibu: «Atakuja na yake.»

Njo habari. Yote. Kama ku kisima ulisikia kwamba mama yako aliaibika, sasa unajua ilikuwa nini, na ginsi nilivyokuwa muzuri ndani yake.

Sikuandikii juu uache kujisifu. Weye uko mutoto wangu, utajisifu, iko mu damu, munganga hawezi kuitoa. Na kule Kisangani watakuwako watoto wa wakubwa wenye kusema baba yao iko na hii na ile, na utasikia ulimi wako unaanza kupanda. Ijue tu hii: siku moja mutu atashusha mikungu mbele yako na kukupa kisu. Pengine ni profesere. Pengine ni mugonjwa. Ile siku, geuza beseni wote waone, na menya zile unaweza. Makumi mbili na ine zako zitanitosha. Mwalimu pia zingemutosha, yeye hakujua kuongeza.

Na unisamehe ile ahadi. Nilikuahidi saa ukikuwa munganga, na nimeuza saa juu uwe munganga. Nimeigeuza mara mingi mu kichwa na sioni njia ingine, lakini kuvunja ni kuvunja, na sitaipamba.

Mukipita Mambasa, kisha ile daraja ya mbao, kuko mulima mudogo wa udongo mwekundu. Pale njo potopoto ilikuwa. Ambia shofere apige honi. Atauliza juu ya nini. Umwambie unavyopenda, lakini hesabu unaijua.

Ninasikia sauti yako ku kona, na ile kicheko yako, kumbe watu wa kwaya wamekurudishia sauti! Nafunga mbio.

Kesho sitalia. Nilikwisha kusema ku soko sitalia, na wanakuja kuangalia. Camion ikianza kutembea, utaniona nashika mukono yangu ya kushoto, pale pa ile alama nyeupe. Usifikiri nasikia baridi. Nitakuwa nabonyeza. Nitaanza kukuhesabu pale-pale, na sitabonyeza tena mpaka nikuone unashuka hapa mu lupango, na saa yako ku mukono.

Miye mama yako,
mwenye kumenya makumi tatu na saba, mbele ya mashahidi.